Kwanza Tazama Ni Wapi

Kwanza tazama ni wapi.
Usikimbilie dawa, wala usimwite Ülo wa ng'ambo ya barabara,
ambaye kwake kila kuku mgonjwa ni mchuzi uliochelewa.
Mpakate. Mfunike macho kwa kiganja.
Puliza manyoya yaliyobaki, mpaka ngozi ikuambie.

Upara wa mgongoni ni kazi ya jogoo:
ana kipenzi, na kipenzi ndiye anayelipa.
Huyo nilimshonea kijoho
kutokana na koti la mvua la marehemu Heino,
lenye kifungo kimoja na mikanda ya kupitisha mbawa.
Siku mbili alitembea kinyumenyume,
kana kwamba nguo huvuliwa kwa kurudi ulikotoka.

Upara wa shingoni, mwezi wa kumi, mayai yamekoma:
huo ni mwaka tu unabadilisha nguo.
Mpe vichwa vya samaki, alizeti, maziwa ya mgando.
Usimshikeshike. Manyoya machanga huchomoza kama sindano
zenye damu ndani, na kila sindano inauma.

Lakini Pohla, mweusi wangu, malkia wa mayai,
alikuwa mtupu kifuani,
mahali ambapo jogoo hafiki, na mwaka haujafika.

Septemba hiyo Mirtel aliletwa kutoka Tartu,
miaka kumi na mmoja, kofia imeshuka hadi kwenye kope.
Mama yake alinong'ona simuni: anazinyofoa mwenyewe,
nyusi zote mbili, mkanye.
Sikumkanya. Nilimpa tochi.

Tuliingia bandani usiku, wakati utitiri unapotoka nyufani kula.
Nilipitisha kitambaa cheupe chini ya ulingo,
kikarudi na michirizi myekundu.
"Hiyo damu ya nani?" akauliza.
"Ya wote."
Kidole kimoja hakivunji chawa, nikamwambia,
naye akavua glavu.

Jumamosi tulimwaga maji yanayochemka kwenye kila ubao,
tukakwangua, tukaziba nyufa, tukaunguza nyasi kuukuu.
Beseni la majivu na mchanga tukaliweka karibu na mlango.
Kuku walijigaragaza humo kama watoto walioachiwa tope,
wakatoka wa kijivu wote, hata mwekundu.
Wiki mbili. Kitambaa kikawa kinarudi cheupe.

Pohla akazidi kuwa mtupu.

Basi nikashindwa. Nilikwisha kusema ni ugonjwa wa mawazo,
nilikwisha hata kumtazama Ülo kupitia dirishani.
Mirtel aligeuza ndoo, akaikalia tangu asubuhi,
na daftari la hesabu magotini, halifunguliwi.
Saa nane mchana akaja jikoni na buti zake za matope.
"Bibi, hajiumizi. Anatandika."

Twende, tukaenda. Katika kisanduku cha mwisho, gizani,
manyoya ya kifua yamepangwa mviringo,
laini, yenye joto la mwili,
na katikati hakuna yai hata moja.
Alikuwa anaatamia ubao.

Sasa dawa yake naijua, nayo si nzuri:
kizimba chenye sakafu ya waya, upepo upite chini,
tumbo lipoe, hamu iishe.
Vifaranga wa Oktoba hawafiki Krismasi huku kwetu Võru.
Mirtel hakubishana. Alibeba ndoo yake hadi kando ya kizimba,
akakaa siku nne, koti juu ya koti,
akimsomea Pohla sehemu za desimali.

Yale manyoya hakutaka niyatupe.
Yamo kwenye kopo la kahawa, dirishani kwake.

Jana theluji ya kwanza. Mezani kulikuwa na joto,
akaivua kofia, akaiweka kando ya sahani.
Nikamega mkate. Nikasogeza chumvi.
Sikuuliza kitu.
Juu ya jicho la kushoto, nywele nne, labda tano,
fupi, nyeusi,
zimesimama wima kama zina hasira na mtu.